Hita ya maji ya zamani katika nyumba kongwe ya Dodoma: kuitambua, kuipima na kutafuta chanzo cha tatizo lake

Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za Dodoma, mji ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, huwa na baridi ya kutosha kumfanya mtu aikumbuke hita ya maji iliyokaa darini au ukutani mwa bafu bila kuguswa tangu mwaka jana. Akiiwasha na isitoe maji ya moto, au ikatoa ya vuguvugu, hukumu hutolewa haraka: hita imekufa, inunuliwe nyingine. Katika nyumba iliyojengwa juzi hukumu hiyo huenda isilete hasara kubwa. Katika nyumba kongwe ni jambo jingine, kwa sababu hita, mabomba na tangi la maji vilipangwa pamoja na fundi mmoja kwa wakati mmoja, na hita mpya ya aina tofauti ikiunganishwa kwenye mpangilio huo hurithi tatizo lile lile au huzua jipya.

Nyumba ninazozizungumzia ni zile za karibu na stesheni ya reli ya kati na za Uzunguni, nyumba za misheni, baadhi ya nyumba za Mpwapwa na Kongwa zenye asili ya miaka ya mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, pamoja na nyumba za watumishi zilizojengwa baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Nyingi zimebadilishiwa vifaa mara kadhaa bila kumbukumbu yoyote kuandikwa, kwa hiyo mwenye nyumba wa leo anapaswa kuanza na maswali matatu kabla ya kuita fundi: hita hii ni ya aina gani, inachukua lita ngapi, na nguvu yake ni kilowati ngapi? Mtu mwenye majibu hayo matatu huweza kutenganisha hita mbovu na hita nzima iliyozidiwa na matumizi. Asiye nayo hubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakouza hita nyingi madukani.

Kabla ya kugusa chochote, zima umeme kwenye swichi kuu, wala usitegemee swichi ya bafuni peke yake, kwa kuwa katika nyumba za zamani swichi hiyo mara nyingi hukata waya mmoja tu, na wakati mwingine si ule wenye moto. Hakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme, kisha uache maji yapoe. Kazi za kupima kwa macho, uzi, ndoo na luku zinaweza kufanywa na mtu yeyote makini. Zile za kufungua kifuniko cha nyaya ni za fundi umeme.

Kuitambua aina

Fuata mabomba, si maandishi. Kibandiko cha kiwandani huwa kimefutika au kimepakwa rangi, lakini mabomba husema ukweli.

Ukikuta darini silinda ya shaba iliyosimama, yenye kichwa cha mviringo, ikilishwa na tangi dogo lililo juu yake, na bomba likipanda kutoka kichwani mwake na kujikunja juu ya tangi hilo, hiyo ni hita ya mfumo wazi wa Kiingereza. Haina vali ya usalama, wala haiihitaji, kwa sababu bomba lile lililo wazi ndilo linalopumulia maji yanapotanuka. Msukumo wake hutokana na kimo cha tangi peke yake, na huwa mdogo. Sumaku haishiki shaba, hivyo sumaku ya spika mbovu inatosha kukuthibitishia. Elementi yake, yaani koili ya umeme inayopasha maji, huingia kwa skurubu kubwa yenye kipenyo cha milimita 66 hivi, ambayo wauza vifaa huiita ya inchi mbili na robo. Ukiuliza dukani elementi ya hita bila kutaja kipimo hicho, utapewa ya hita ndogo za ukutani, ambayo skurubu yake ina milimita 42, na utarudi nayo.

Aina ya pili ni hita ya shinikizo: tangi la chuma lililopakwa enameli kwa ndani, lenye ganda jeupe la bati au plastiki, likining'inia ukutani na mabomba mawili chini yake, moja lenye alama ya buluu na jingine nyekundu. Kwenye upande wa buluu inapaswa kuwapo vali ndogo ya usalama yenye kishikio, ambayo pia huzuia maji kurudi yalikotoka. Hii ndiyo hita ya kawaida leo, na ndiyo ambayo mara nyingi hufungwa badala ya silinda ya shaba bila mtu kufikiri juu ya msukumo.

Ya tatu ni hita ndogo ya mdomo wazi, ya lita 5 hadi 15, juu ya sinki la jikoni. Bomba lake la kufungulia liko upande wa maji baridi, na mdomo wa maji ya moto hauna kizuizi chochote. Hita ya namna hii hudondosha maji kila inapopasha, nayo si mbovu. Fundi anayefunga koki kwenye mdomo ili kuzuia matone anageuza chombo kisichotengenezwa kuhimili shinikizo kuwa hatari iliyotundikwa juu ya kichwa cha mpishi.

Zipo pia hita za papo hapo zinazokaa kwenye shawa bila tangi, na katika nyumba chache za misheni au za shambani, pipa la chuma lililojengewa matofali nje ya ukuta wa bafu na kupashwa kwa kuni. Kwa pipa hilo, ukaguzi muhimu ni mmoja tu: bomba la juu la kutolea mvuke liwe wazi mpaka mwisho wake. Likiwa limezibwa kwa tambara au kwa kiota cha nyigu, moto usiwashwe.

Kupima lita

Njia ya kwanza ni uzi na futi ya utepe. Zungusha uzi kwenye ganda la hita, pima mzingo wake kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 3.14 ili upate kipenyo cha nje. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa kati ya ganda na tangi lenyewe kuna sponji ya kuhifadhi joto yenye unene wa sentimita mbili hadi tano, na unene huo huondolewa mara mbili. Tuchukue hita yenye mzingo wa sentimita 141 na urefu wa sentimita 75. Kipenyo cha nje ni sentimita 45, na ukikokotoa ujazo kwa vipimo hivyo vya nje utapata karibu lita 119. Lakini ikiwa sponji ina unene wa sentimita 3, tangi la ndani lina kipenyo cha sentimita 39 na urefu wa 69, na ujazo wake ni lita 82 tu. Hiyo ni hita ya lita 80, na aliyeiuza kama ya 120 ama hakupima ama alipima nje kwa makusudi.

Silinda ya shaba isiyo na ganda hupimwa moja kwa moja, ila kichwa chake cha mviringo na kitako chake kilichobonyea hupunguza ujazo. Silinda ya kipimo kilichozoeleka cha Kiingereza, yenye urefu wa sentimita 90 na kipenyo cha 45, hutoa lita 143 kwenye hesabu ya karatasi, ilhali kwa kweli huchukua karibu lita 120. Kama namba iliyogongwa kwenye shaba ni 20, 30 au 40, huenda ni galoni za Kiingereza, na galoni moja ni lita 4.55, hivyo 30 ni lita 136.

Njia ya pili ni kuyamwaga maji yote kwa ndoo za lita 20 na kuyahesabu, baada ya kuzima umeme, kufunga maji yanayoingia na kufungua koki ya maji ya moto ili hewa iingie. Inachosha, lakini ina faida ambayo uzi hauna: hukuonyesha nafasi iliyobaki baada ya chokaa kujaza kitako cha tangi. Uzi ukisema 80 na ndoo zikasema 65, umekwisha kugundua tatizo lako kabla ya kufika kwenye orodha ya dalili.

Kupima nguvu kwa luku

Nguvu ya elementi huweza kupimwa na fundi kwa multimita, nyaya zikiwa zimefunguliwa na umeme umezimwa. Kwa umeme wa volti 230, elementi ya kilowati 3 husoma karibu omu 17.6, ya kilowati 2 karibu 26.5, na ya kilowati 1.5 karibu 35. Ikisoma omu zisizo na kikomo, imekatika. Elementi za zamani zilizoandikwa volti 240 zitasoma juu kidogo, na kwenye volti 230 elementi iliyoandikwa kilowati 3 hutoa kilowati 2.75. Jambo hilo ni dogo, lakini lina ndugu mkubwa: umeme unaposhuka jioni hadi volti 190, elementi ile ile hutoa kilowati 1.9 hivi, na kila anayeoga baada ya saa moja usiku hudai hita imechoka.

Asiye na multimita anayo luku. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa hita, soma uniti zilizobaki, subiri dakika 10 kamili, kisha usome tena. Zikipungua 0.5, hita ni ya kilowati 3, zikipungua 0.33, ni ya kilowati 2, zikipungua 0.25, ni ya kilowati 1.5. Zisipopungua kabisa ilhali maji ya hita bado ni baridi, umeme haufiki kwenye elementi au elementi imekatika, na hilo umeligundua bila kufungua skurubu hata moja.

Luku hiyo hiyo hupima lita, na hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote katika kazi hii. Anza na hita iliyopoa kabisa, chukua joto la maji baridi kwa kipimajoto, washa mpaka themostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, ijizime yenyewe, kisha pima joto la maji yanayotoka. Zidisha uniti zilizotumika kwa 860, gawanya kwa tofauti ya joto, na jibu ni lita zilizopashwa. Kwa mfano, maji yakiingia na nyuzi 22 na kutoka na nyuzi 60, tofauti ni 38. Hita ikitumia uniti 3.5, lita zilizopashwa ni 79. Jibu hupanda kidogo kuliko ukweli kwa sababu ya joto linalopotea, lakini kasoro hiyo ni ndogo ikilinganishwa na makosa tunayoyatafuta. Hita ya lita 80 inayopasha lita 40 tu ina kasoro unayoweza kuifuatilia: imefungwa kwa kulala ilhali iliumbwa kusimama, au elementi yake ni fupi na imeingizwa juu, hivyo maji yaliyo chini yake hubaki baridi.

Kulinganisha na mahitaji

Maji ya kuoga yenye nyuzi 40 hupatikana kwa kuchanganya. Maji ya moto yakiwa nyuzi 60 na ya baridi nyuzi 22, ndoo moja ya lita 20 hula lita 9.5 za moto. Katika tangi la lita 80, robo ya mwisho hutoka ikiwa imeshachanganyika na baridi inayoingia, hivyo tuhesabu lita 60 zinazofaa, yaani ndoo sita. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika hula lita 3.8 za moto kila dakika, na lita 60 zile zile huisha ndani ya dakika 16 hivi. Familia ya watu watano wanaooga kwa ndoo huenea na hita hiyo, hata ikabaki ya kuoshea vyombo. Watoto wawili wakianza kuoga kwa shawa ya kichwa kipana, wa tatu ataoga baridi. Hakuna kilichoharibika hapo. Kilichobadilika ni namna ya kuoga.

Muda wa kupasha upya nao ni sehemu ya ukubwa. Lita 80 kwa tofauti ya nyuzi 38 huhitaji uniti 3.5: kwa elementi ya kilowati 3 ni saa moja na dakika 10 hivi, kwa ya kilowati 1.5 ni saa mbili na dakika 20. Anayewasha saa kumi na moja na nusu alfajiri ili aoge saa kumi na mbili hapaswi kushangaa.

Dalili: hakuna maji ya moto kabisa

Luku isipopungua, tafuta kwa mpangilio huu: swichi, fyuzi au breka, kikomo cha joto, themostati, na mwisho elementi. Kikomo cha joto ni kitufe kidogo kwenye themostati kinachokata umeme maji yanapochemka kupita kiasi, na hurudishwa kwa kukibonyeza baada ya hita kupoa. Kikiruka tena baada ya siku chache, usiendelee kukibonyeza, kwa sababu themostati imeshikana na haikati tena. Kumbuka kwamba Dodoma, kwa sababu ya kimo chake, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Silinda ya shaba inayounguruma na kumwaga maji ya moto kwenye tangi la darini imeshafika huko.

Elementi ikiwa imekatika, uliza imekatikaje kabla ya kununua nyingine. Katika nyumba zinazotegemea simtanki, sababu ya kawaida ni kupasha tangi tupu. Maji yanapokatika na simtanki kuisha, hita ya shinikizo iliyofungwa bila vali ya kuzuia maji kurudi hujimwaga kinyumenyume kupitia bomba la baridi mara tu mtu anapofungua koki ya moto kuangalia kama maji yapo. Elementi ikibaki hewani ikiwa na umeme, huungua kwa dakika chache. Elementi mpya bila vali hiyo ni kuahirisha tatizo hadi mgao unaofuata.

Dalili: maji ni vuguvugu, au huisha haraka kuliko zamani

Hapa ndipo penye sababu nyingi zaidi, na hapa ndipo vipimo vya mwanzo vinapolipa. Kama luku inaonyesha nguvu kamili na lita kamili, hita inapasha sawasawa, na huenda maji baridi yanaingia baada ya hita. Funga koki ya maji yanayoingia kwenye hita, kisha ufungue koki ya moto bafuni: maji yakiendelea kutoka, kuna njia ya mkato, na mara nyingi ni koki ya kuchanganyia iliyochakaa kwenye shawa au sinki, inayoruhusu baridi kuvuka kwenda upande wa moto. Nimeona hita mbili zikibadilishwa katika nyumba moja kwa ajili ya koki ya aina hiyo.

Kama lita zilizopashwa ni kamili lakini maji ya moto huja kidogo kisha hupoa ghafla, kagua mabomba mawili ya chini. Hita ya kusimama huchukua maji ya moto kutoka juu kwa kijibomba kirefu kilichosimama ndani yake. Mabomba yakibadilishana nafasi, baridi humwagwa juu na moto huvutwa kutoka chini. Kosa hili hutokea sana baada ya ukarabati wa vigae, fundi vigae anapofungua mabomba na kuyarudisha kwa kukisia. Kijibomba hicho pia huweza kukatika kwa kutu, na dalili ikawa ile ile.

Kama lita zimepungua, shuku chokaa. Maji yanayotumiwa mjini Dodoma kwa sehemu kubwa yamekuwa yakitoka visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, na kama maji mengi ya ardhini ya nchi kavu ya kati, huacha utando mweupe ndani ya birika. Utando huo ndani ya hita huanza kama vumbi, kisha huwa ganda kwenye elementi, na baadaye huanguka na kujaza kitako. Chokaa huganda kwa kasi zaidi maji yanapozidi nyuzi 60, kwa hiyo themostati iliyosukumwa mpaka mwisho ili maji yatoshe huikaribisha kasoro inayofanya maji yasitoshe. Nyuzi 55 hadi 60 ni mahali pazuri: chini ya 50 vijidudu huweza kuzaliana ndani ya tangi, na juu ya 60 mtoto huungua kabla hajaondoa mkono.

Dalili: ngurumo, milio ya kupasuka, na luku inayokimbia

Ngurumo hutoka kwenye maji yaliyonaswa chini ya ganda la chokaa, yanayochemka sehemu ndogo ndogo na kupasua njia. Elementi huzidi kupata joto kwa sababu haliwezi kuondoka upesi, na mwishowe huungua. Dawa ni kuitoa elementi na kuloweka tabaka lake kwenye siki au maji ya chumvi ya ndimu (asidi ya sitriki) usiku kucha, kisha kuchota kwa mkono chokaa iliyo kitakoni. Asidi kali ya kusafishia vyoo isitumike, kwa kuwa hula enameli na shaba. Badilisha gaski, ule mpira wa kuziba maungio, kila unapofungua. Ya zamani hairudi kukaa sawasawa.

Luku inayokimbia, hata hivyo, mara nyingi si kosa la chokaa. Ganda la chokaa huchelewesha joto, lakini joto lote hatimaye huingia majini. Uniti hupotea kwa njia mbili nyingine: hita kuachwa ikiwaka mchana kutwa, ambapo tangi la lita 80 lenye sponji iliyozeeka huweza kupoteza uniti moja au zaidi kwa siku bila mtu kuoga, na maji ya moto kuvuja mahali pasipoonekana. Silinda ya shaba iliyo uchi darini hupoteza zaidi ya hapo, na kuivika blanketi kuukuu lililofungwa kwa kamba, huku kichwa cha elementi na nyaya zake vikiachwa wazi, ni ukarabati wa bei nafuu kuliko wote uliotajwa hapa.

Dalili: vali inadondosha

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 22 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.5, katika tangi la lita 80 hiyo ni zaidi ya lita moja, nayo lazima itoke. Matone wakati wa kupasha tu ni afya. Matone ya muda wote, hata hita ikiwa baridi, humaanisha uchafu au chokaa kwenye vali, au msukumo mkubwa kupita kiasi kutoka kwenye pampu iliyoongezwa baadaye kwenye maji yanayoingia kwenye hita. Inua kishikio mara chache ili maji yakoshe kiti cha vali, yasipokoma, badilisha. Kuziba tundu la vali kwa plagi au kwa gundi ni jambo lisilo na mjadala: usifanye, na ukilikuta limefanywa, zima hita saa hiyo hiyo.

Dalili: breka inaruka, au bomba linatetemesha mkono

Mtetemo mdogo unapogusa bomba la shawa si jambo la kuzoea. Ganda la nje la elementi limepasuka na umeme unaingia majini, na waya wa ethi ama haupo ama umekatika. Katika nyumba za zamani ethi ilifungwa kwenye bomba la chuma la maji lililoingia ardhini. Siku bomba hilo lilipobadilishwa na la plastiki, nyumba nzima ilipoteza ethi yake na hakuna aliyeambiwa. Hita izimwe mpaka fundi umeme apige ethi mpya, aweke swichi ya kukata umeme unaovuja, na kupima elementi kati ya ncha zake na ganda lake.

Breka inayoruka baada ya nusu saa, bila mtetemo, ni habari nyingine. Elementi ya kilowati 3 huvuta ampea 13, na soketi ya kawaida ikibeba mzigo huo kwa saa nzima kila siku huungua pole pole. Hita ya ukubwa huo inastahili waya wake wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la breka, na swichi yake inayokata nyaya zote mbili.

Dalili: maji ya kahawia, harufu, au msukumo hafifu

Kahawia kwenye koki zote ni kutu ya mabomba. Kahawia kwenye moto peke yake hutoka ndani ya tangi au kwenye bomba la moto. Ndani ya hita ya chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa ili tangi lisiliwe, na katika maji yenye chumvi nyingi huisha mapema. Ikaguliwe kila mwaka. Harufu ya mayai viza kwenye maji ya moto pekee hutokana na bakteria wanaoshirikiana na fimbo hiyo. Kuyapasha maji hadi nyuzi 65 au zaidi mara moja na kuyamwaga yote kwa kawaida huiondoa kwa muda.

Msukumo hafifu huhitaji uzi tena. Mzingo wa bomba la chuma la nusu inchi ni milimita 67, la robo tatu ni 84, la inchi moja ni 106. Bomba la nusu inchi lililokaa miaka 40 na maji ya chokaa huweza kuwa na tundu la upana wa penseli. Kama hita ni ya papo hapo, na simtanki liko mita 3 tu juu ya shawa, huenda maji hayana nguvu ya kusukuma swichi ya ndani, na hita haitawaka hata ikiwa mpya. Pandisha tangi au weka pampu. Na usiunganishe bomba la shaba kabla ya bomba la chuma katika mwelekeo wa maji, kwa sababu shaba inayoyeyuka kidogo kidogo hutoboa chuma kinachofuata.

Maji ya moto yanayochelewa kufika si ugonjwa wa hita. Bomba la robo tatu hubeba karibu lita 0.37 kwa kila mita, hivyo bomba la mita 12 lina lita nne na nusu za maji yaliyopoa ambayo lazima yatoke kwanza. Yakinge kwenye ndoo.

Tangi lenyewe linapovuja

Uvujaji kwenye gaski au kwenye maungio hutengenezwa. Uvujaji unaotoka ndani ya ganda, kupitia matundu ya chini, bila unyevu kwenye maungio, ni tangi lililotoboka, na hapo ndipo kununua nyingine kunapokuwa sahihi. Nenda dukani na aina ya mfumo, lita zilizopimwa kwa luku, kilowati, mkao wa kusimama au kulala, na umbali kati ya mabomba mawili. Kama hita mpya itachukua nafasi ya silinda ya darini, pima pia kimo kutoka tangi la maji hadi shawa. Kisha gonga ukuta. Hita ya lita 80 ikijaa huwa na uzito wa kilo 100 hivi, na nyumba nyingi za zamani zina kuta za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, ambazo hazishiki skurubu za kawaida za kutundikia. Ukuta wa namna hiyo utobolewe mpaka upande wa pili na kufungwa kwa bolti ndefu zenye bati nyuma, au hita isimamishwe juu ya fremu ya chuma inayokanyaga sakafu.